Ufa wa Sebuleni

Muuzaji wa vigae alimkaribisha Brashi, akamkaribisha na binti yake, kisha akamtafutia Mama Sweta kiti. Baada ya kiti hakuwa na neno jingine naye. Mama Sweta akakaa, fimbo yake nyeupe mapajani, akasikiliza watu wakimchagulia sakafu ya nyumba yake.

"Hii ni krimu," muuzaji alisema. "Ukiitandaza sebuleni, chumba kinapanuka chenyewe."

"Hiyo si krimu," Brashi alijibu. "Hiyo ni nyeupe iliyokaa dirishani mwaka mzima."

Brashi alikuwa fundi wa kupaka rangi, na jina hilo lilimpata kazini. Mtu wa namna hiyo humuuzii rangi kwa maneno. Binti yake alitaka ya kijivu kwa kuwa haionyeshi uchafu. Baba akamwambia kijivu amekikanyaga tangu siku aliyooa, kimemkinaisha. Walibishana mpaka muuzaji akaanza kuwatupia macho wateja wengine.

"Kwa nini tusimuulize mama?" binti alisema.

Muuzaji akamgeukia Brashi. "Yeye angependa ipi?"

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe."

Muuzaji akainama mbele ya kiti, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Mama! Wewe! Unapenda! Ipi?"

"Mwanangu, kilichokufa ni macho," Mama Sweta alisema. "Masikio usiniulie." Duka zima likacheka, na muuzaji naye ilibidi acheke.

Akaomba apewe vigae avishike. Mikono yake ilikuwa ya kazi: alifuma sweta za shule kwa mashine, na uzi mmoja ukiruka aliujua kabla sweta haijashuka mezani. Wakampa kimoja kimoja. Kile cha bafuni, chenye mikwaruzo, alikirudisha haraka, akasema kinalamba kama ulimi wa ng'ombe. Cha kijivu kilikuwa na vijishimo. Alipofika kwenye ile krimu ambayo si krimu, viganja vyake vilitulia. "Hiki," alisema. "Shavu la mtoto mchanga."

Ndicho alichokitaka Brashi tangu mwanzo. Wakatoka dukani wamefurahi wote watatu, hata binti aliyeshindwa. Hakuna aliyekumbuka, hata yule aliyechagua, kwamba sakafu haishikwi kwa mkono.

*

Sakafu ya zamani ilikuwa ya saruji na ilikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, ukapita katikati ya sebule, ukapinda kuikwepa meza ya mashine ya kufumia, na mbele kidogo ukagawanyika: mkono mmoja uliingia mpaka jikoni, mwingine chumbani. Brashi aliuziba kwa saruji, ukafunguka. Akauziba kwa lipu ya ukutani, ukafunguka. Kila alipopiga magoti na mwiko wake alisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na ufa ukamsikiliza, na baada ya mvua chache ukafunguka tena.

Aliuchukia ufa ule kuliko alivyowachukia watu waliomdhulumu. Siku moja mgeni mwenye viatu vya kisigino kirefu alinasa humo, akatoka mguu mtupu, na Brashi akamwomba radhi kana kwamba ufa ameuchimba yeye. Maisha yake yote alikuwa akipaka rangi nyumba za watu. Zilikuwa na sakafu ambazo aliambiwa avue viatu kabla ya kuingia, na nyingine aliambiwa atandike magazeti, asizikanyage kabisa. Jioni alirudi kwake akakanyaga ufa.

Kwa hiyo zile sweta za shule zilipolipwa, Mama Sweta alisema pesa iende sakafuni, na Brashi akatoka nje kidogo. Walitaka pia kuiwahi safari ya binti. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha upimaji ardhi, mji mwingine, na asiporipoti Jumatatu ya ufunguzi nafasi anapewa anayesubiri nyuma yake. Mama angebaki peke yake mchana, Brashi akiwa kazini. Hilo halikumtia mtu wasiwasi, maana tangu binti akiwa darasa la kwanza mama huyo alikuwa akishinda peke yake, akipika, akifuma, akihudumia wateja, akifukuza kuku wa jirani. Fimbo yake ilikuwa ya barabarani. Akiingia kwake aliisimamisha nyuma ya mlango kama mwavuli.

Fundi vigae waliyempata aliitwa Fundi Kesho, na asiulize mtu kwa nini. Mkono wake ulikuwa mzuri, ila kalenda ndiyo ilikuwa ikimsumbua. Alipokuja hatimaye alipiga kazi kweli, na pimamaji yake hakuiweka chini. Alivunja palipoinuka, akajaza palipobonyea, akasawazisha vizingiti. Vigae vilitosha sebule na chumba. Jikoni wakaamua pasubiri sweta nyingine.

Brashi alimwingiza mkewe kwa kumshika mkono, miguu mitupu. Mama Sweta akakanyaga, akasimama, akacheka kwa sauti.

"Mzee wangu, mbona natembea juu ya sahani!"

"Sahani yako hiyo," Brashi alisema.

Kicheko chake mwenyewe kilimrudia Mama Sweta kutoka kila upande kwa wakati mmoja, na hakujua ukuta uko wapi. Jambo hilo lilimshtua kidogo. Lakini waliomzunguka walikuwa na furaha, na hakuwa mtu wa kutia mchanga kwenye chakula cha wenzake.

*

Kesho yake mwalimu anayesimamia manunuzi ya shule alikuja kuchukua sweta za kidato cha kwanza. Alisifu sakafu, akakaa. Mama Sweta akainuka kwenda chumbani kuzileta, kama alivyofanya kwa wateja wote miaka yote, kifua mbele, mikono chini.

Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kona ya dirisha, akagonga ukuta kwa paji la uso.

Akajipapasa, akageuka, akatembea tena. Safari hii alikutana na magoti ya mwalimu. Mikono yake ikaenda mbele kutafuta, ikashika kichwa cha mtu, ikaachia.

"Samahani mwalimu. Leo sijui nina nini."

"Hapana, hapana, kaa mama, utaumia." Mwalimu akamshika mabega akamkalisha, akampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Binti akaja mbio kutoka uani, akaleta sweta. Tangu hapo mwalimu hakumwambia Mama Sweta neno. Idadi alimuuliza binti, na risiti akampa binti. Akiwa mlangoni, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, akamwambia, "Mama sasa umri umeenda. Msimwachie mambo mengi."

Mama Sweta alikuwa na masikio mazuri, tumeshasema.

Jioni Brashi alisikia habari hiyo akafanya lile analolijua mwanaume mwenye nyundo. Akapigilia misumari, akafunga kamba kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, na nyingine kwenda chumbani. Mkewe akaishika kamba, akaipima, akaivuta.

"Na majani mtaniletea saa ngapi?" aliuliza.

"Majani gani tena?"

"Si mmenifunga kama mbuzi?"

Kamba ikatolewa. Binti akatandika mkeka mwembamba uwe njia. Mkeka juu ya sahani ukafanya kazi ya mkeka juu ya sahani: asubuhi yake uliteleza, Mama Sweta akaruka miguu juu, akaangukia nyonga. Hakuvunjika, ila alikaa pale chini muda mrefu akikataa mkono wa mtu.

"Basi tumia fimbo, mama," binti alisema, akilia. "Humu ndani tu. Si dhambi."

"Fimbo ni ya kwa watu. Hapa ni kwangu."

"Utaanguka tena."

"Nitaanguka kwangu."

Binti akaenda chumbani kwake, akafungua begi alilokuwa ameanza kupanga, akaanza kutoa nguo na kuzirudisha kabatini. Brashi akasimama mlangoni akimtazama. "Unafanya nini?"

"Siendi, baba."

"Usiseme hivyo."

"Niende nikakae darasani nikisikiliza habari za kupima pembe za viwanja, huku mama yuko chini hakuna wa kumwinua? Siendi. Mwakani nitaomba tena."

Wote walijua mwakani hakuna kitu. Mama Sweta aliyasikia yale kutoka sebuleni. Maumivu ya nyonga yakawa si kitu. Kwa mara ya kwanza tangu apoteze macho alijiona mzigo, na hilo lilimwuma kuliko alivyoweza kusema.

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Brashi alikuwa kazini. Mama Sweta alikwenda jikoni akishika ukuta, binti nyuma yake akijifanya ana shughuli. Alipovuka kizingiti, mikono ikamshuka. Akafikia sufuria bila kupapasa, akachota maji, akawasha jiko, akachukua majani ya chai kwenye rafu na kuiacha chumvi iliyokuwa kando yake. Alikuwa akiimba kidogo. Kisha akabeba kikombe, akavuka kizingiti kurudi sebuleni, na mkono mmoja ukaruka mbele kama wa mtu anayekinga kofi. Chai ikamwagika.

"Mama, rudi jikoni," binti alisema.

"Nimefanya nini tena?"

"Rudi tu. Tafadhali."

Akarudi. Mkono ukashuka. Binti akamwambia atoke, akatoka, mkono ukapanda. Msichana aliyechaguliwa kwenda kupima ardhi ya taifa alipiga magoti kwenye mpaka wa vigae na saruji, akaitazama miguu ya mama yake, na hakuamini kwamba ameishi nayo miaka yote hiyo bila kuiona. Jikoni, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kikienda mbele, kikigusa, kikifuata kitu. Kwenye kigae kilikwenda kushoto, kikaenda kulia, kikasimama.

"Mama, hicho kidole kinatafuta nini?"

Mama Sweta aliurudisha mguu jikoni, akautoa, akaurudisha. Uso wake ukabadilika polepole.

"Ufa," alisema. "Ee Mungu wangu. Kinatafuta ufa."

Alikaa pale pale kizingitini akacheka, na katikati ya kicheko akalia, kwa maana hakuwahi kujua. Angeulizwa dukani, angeapa kwamba nyumba anaijua kwa kichwa. Kumbe aliyeijua ni kidole, na kidole hakuna aliyekiuliza.

Brashi aliporudi wakamwambia. Alivua viatu vyenye rangi nje, kama alivyojipangia sheria mwenyewe, akaingia akasikiliza akiwa amesimama katikati ya sakafu yake.

"Kwa hiyo kosa langu," alisema.

"Hakuna aliyesema kosa lako."

"Mtu anahangaika maisha yake yote mke wake akanyage kitu kizuri. Mnaniambia alitaka ufa. Ule ufa! Mimi niliyekuwa nikiwaomba wageni radhi!"

"Mzee wangu, mimi mwenyewe ndiye niliyekichagua hiki kigae. Ni kizuri. Nakipenda." Mama Sweta alinyoosha mkono mpaka akalipata shati lake. "Lakini wewe umesema sana usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ufa tumeuziba, na ukuta nimejengewa mimi. Na mtoto naye ukuta huo umemzuia njia."

Brashi alikwenda kukaa uani, chakula kikapoa.

*

Jumamosi asubuhi Mama Sweta aliamshwa na sauti asiyoijua, ya kitu kikavu kikikwaruza sakafu. Akaita. Binti akatoka chumbani kwake, akasimama mlangoni mwa sebule, akashika mdomo.

Brashi alikuwa amepiga magoti, kipande cha chaki mkononi. Mstari ulianzia kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Ulikwenda hatua kadhaa, ukajikunja kidogo upande wa dirisha, ukarudi, ukaanza kuizunguka meza ya mashine.

"Baba, unachora nini?"

"Unachokiona."

"Umeukumbuka wote?"

"Mtoto wangu, ufa huu nimeuchukia miaka yote hii. Ningeusahau vipi?" Alisogeza magoti, akafuta kipande kwa kiganja, akachora upya. "Hapa ulikuwa na jino. Mwiko ulikuwa ukinasa. Na hapa ndipo alipoacha kiatu yule bibi."

Alifika kwenye njia panda, akachora mkono wa jikoni, akachora mkono wa chumbani, akainuka akishika kiuno. Kisha akampigia simu Fundi Kesho.

Fundi Kesho alikuja siku ile ile, na hilo peke yake lingetosha kuwa habari ya mtaa. Alikuja mbio kwa sababu alidhani kigae kimepasuka na jina lake limeharibika. Alipoelezwa anachotakiwa kufanya, aliitazama chaki, akamtazama Brashi, akamtazama binti, kama anayetafuta mwenye akili timamu amwambie ukweli.

"Mnataka niweke ufa."

"Huo hapo," Brashi alisema. "Usitoke nje ya chaki."

"Kwenye vigae vipya. Nilivyoviweka mimi, kwa pimamaji."

"Ndiyo."

"Mzee, watu wakiingia humu watasema fundi alikuwa mlevi. Ngoja niwape wazo: kuna utepe mgumu wa kubandika. Mnaubandika, mambo yamekwisha."

"Utabanduka mara ya kwanza tukipiga deki," binti alisema.

"Basi niwapigie mstari mnyoofu! Mlango mpaka jikoni, safi, wa kupendeza. Kwa nini upindepinde kama nyoka aliyepigwa?"

Mama Sweta alikuwa kwenye kiti, nyonga ikimwuma. "Fundi, mwanangu, mstari mnyoofu ni njia ngeni, itabidi nijifunze," alisema. "Huu miguu yangu inaujua. Na mtoto wangu Jumatatu anatakiwa awe chuoni."

Fundi Kesho alijikuna kisogo. Mashine ya kukatia ilikuwa mgongoni, kwenye gunia. Akasema labda kesho, na Brashi akamtazama tu. Akatoa mashine.

Alipotaka kuiwasha, Brashi akamshika mkono. "Cha kwanza nikate mimi."

Hakuwahi kuishika mashine ile. Fundi akamwelekeza jinsi ya kuikamata na jinsi ya kuiacha ijibebe. Brashi akapiga magoti kwenye kizingiti, mbele ya kigae chake cha kwanza, cheupe kilichokaa dirishani mwaka mzima, kisicho hata na doa. Akafumba macho kidogo. Kisha akakata. Vumbi likapanda, likamjaa nyusi na kope, na waliokuwa karibu hawakuweza kusema kama machozi yale ni ya vumbi. Alipomaliza kigae kimoja akaitoa mashine, akasema, "Endelea, fundi," akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mkewe, mikono mabegani mwake.

Mfereji ulikatwa mwembamba, wa kutosha ncha ya kidole gumba. Fundi akaujaza saruji iliyochanganywa na mchanga wenye chenga, akauacha chini kidogo ya vigae. Mama Sweta aliomba aiguse kabla haijakauka, na mara mbili akamwambia apunguze. Safari hii alijaribu kwa mguu. Walimtandikia nailoni juu, na akausimamia ufa wake akiwa ameshikwa makwapa na mume upande mmoja na binti upande mwingine, akicheka kama msichana. Fundi Kesho aliinama akafuatisha kila kona. Mwishowe, hata jino aliliweka, bila kuambiwa.

*

Gari la binti lilikuwa la Jumapili mchana, na saruji ilikuwa haijapata usiku wa pili. Fundi aliagiza wasiukanyage ufa mpaka jua lichomoze vizuri. Walikaa kwenye viti asubuhi ile kama watu wanaongoja daktari.

Begi lilikuwa mlangoni, limejaa tena. Jirani mmoja alichungulia kumuaga binti, akaona mstari wa kijivu ukikatiza vigae vinavyong'aa. "Brashi! Sakafu mpya hivi na imeshapasuka?"

"Haijapasuka," Brashi alisema. "Nimeipasua mwenyewe. Karibu uone." Akamwonyesha njia panda na ile kona ya mashine, kidole kikifuatisha, na jirani akawa anaitikia kwa adabu ya mtu asiyeelewa.

Binti aliangalia saa, akainuka. "Mama, mimi natoka."

"Subiri. Kuna kitu chako chumbani."

"Nitachukua mimi, usisu—"

Brashi alimkamata kiganja cha mkono, akatikisa kichwa. Binti akakaa.

Mama Sweta alisimama. Mikono yake ilipanda nusu, ikasita, ikashuka. Kidole gumba kikaenda mbele, kikagusa kigae, kikaenda tena, kikaingia. Uso wake ukatulia. Akatembea. Aliipita meza ya mashine bila kuigusa, akafika kwenye njia panda, akashika mkono wa chumbani, akapotelea mlangoni. Sebuleni walibaki wanasikiliza. Kabati lilifunguliwa. Kabati lilifungwa. Hakuna aliyepumua sawasawa, hata jirani.

Akarudi, kifua mbele, akiwa na sweta ya bluu mikononi, akasimama hasa mbele ya magoti ya mwanawe, akaiweka juu yake.

"Huko asubuhi ni baridi," alisema. "Na nisisikie umenipigia simu kuniuliza kama nimeanguka. Niulize nimefuma ngapi."

Kisha akageuka, akaufuata ufa mpaka mlango wa mbele, akaichukua fimbo yake ya barabarani, na ndiye aliyetangulia kutoka nje kumsindikiza.